Schumer, Sanders na Museveni: Cheki Vile Wakubwa Huchagua Maneno

Hebu nikuulize, msee. Binamu yako akikosea, utamsema aje mbele ya watu bila kutusi ukoo mzima? Hiyo ndiyo kazi wanasiasa Wayahudi wa Marekani wamekuwa nayo tangu vita vya Gaza vianze Oktoba 2023.

Cheki Chuck Schumer. Tarehe 14 Machi 2024, akiwa kiongozi wa walio wengi kwenye Seneti, alisimama akajitambulisha kwanza kama Myahudi anayeipenda Israel. Akataja vizuizi vinne vya amani: Hamas, Waisraeli wenye siasa kali, Mahmoud Abbas, halafu Netanyahu mwisho. Akasema Netanyahu amepotea njia na Israel ifanye uchaguzi mpya. Umeona huo mpangilio? Undugu mbele, lawama nyuma. Na lawama ni ya mtu, si ya taifa.

Bernie Sanders naye, Myahudi pia, husema "serikali ya Netanyahu", na anashikilia kuwa kuikosoa si kuchukia Wayahudi.

Sasa rudi kwetu. Mei 2023 Museveni aliwapa Waturkana wanaolisha Karamoja miezi sita: walioua wanajiolojia 2022 wapeanwe na mifugo iliyoibwa ilipwe, la sivyo Waturkana wote watoke na ng'ombe zao. Wote, buda! Mchungaji hajawahi kugusa bunduki anatiwa kapu moja na muuaji.

Na kama unaishi Kakuma, kambi iliyoanza 1992, hii unaijua hata bila kufunzwa. Ukisema "serikali ya Juba imetuangusha", hiyo ni stori ya chai. Ukitaja kabila la rais badala ya serikali, umemgusa jirani ambaye alitoroka vita hivyo hivyo kama wewe, na usiku utakuwa noma.

Lakini usichezwe na maneno safi. Tarehe 23 Aprili 2024 Seneti ilipitisha msaada wa dola bilioni 95, ndani yake kukiwa na pesa za silaha za Israel. Schumer aliusukuma. Sanders alipiga kura ya la. Wote wawili walikuwa wamemchana Netanyahu, lakini kura ndiyo ilionyesha nani alimaanisha.

So mheshimiwa akishuka Lodwar kufokea Kampala ama Addis Ababa, skiza kwanza: analaumu wenye mamlaka ama kabila la watu? Halafu akipanda gari, muulize amefanya nini bungeni kuhusu hiyo maneno. Akianza kukohoa, ushajua.