Ziba matundu kwanza, kiyoyozi baadaye

Wadau, nipo Makambako likizo, baridi kama kawa, nikasema leo niwachokoze wapenzi wa magari ya zamani. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, heshima yake ipo. Lakini zikishazeeka zinaunguza miguu jamani! Huku kwetu joto hilo utalisifu. Shuka Kitonga kwenda Mikumi uone kama hutavua shati.

Wengi hukimbilia kufunga kiyoyozi. Mimi nabisha. Injini iko mbele, ekzosi inapita chini ya sakafu, na mipira inayoziba matundu ya nyaya na ya gia ikikauka, joto linaingia lenyewe. Anza hapo: badili mipira, hakikisha koki ya hita inafunga maji ya moto, kisha tandika karatasi ya kuzuia joto chini ya kapeti.

Tena si suala la jasho tu. Tundu linalopitisha joto linaweza kupitisha na moshi, na kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, inaua kimya kimya. Kiyoyozi hakiiondoi hiyo. Au nyie mnasemaje?