Mbegu ya nyanya ianze kuchaguliwa sokoni, si dukani

Mkulima anayeingia duka la pembejeo Tunduma, Vwawa au Mlowo kutafuta mbegu ya nyanya hukutana na pakiti nyingi zenye picha nzuri. Zipo aina za zamani kama Moneymaker, Marglobe, Roma VF na Cal J. Zipo Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa kwa wakulima mwaka 1997 baada ya kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha. Zipo pia chotara, yaani F1, ambazo bei yake ni mara nyingi ya zile za kawaida.

Swali linaloulizwa zaidi dukani ni moja: ipi inazaa sana? Swali hilo si baya, lakini peke yake halimletei mkulima faida. Yapo mengine matatu yanayotangulia. Nyanya hiyo italiwa na nani? Itasafiri umbali gani kabla ya kuliwa? Na itaiva mwezi gani? Anayejibu haya kabla ya kufungua pochi huwa ameshapunguza nusu ya hasara yake.

Fupi na ndefu

Tofauti ya kwanza ya kuzingatia ni umbo la mmea. Aina fupi, kama Tanya, Roma VF na Cal J, hukua hadi kimo fulani kisha husimama. Matunda yake huiva karibu kwa wakati mmoja na kuvunwa katika wiki chache. Aina ndefu, kama Moneymaker, huendelea kurefuka na kuzaa kidogo kidogo kwa muda mrefu, lakini zinahitaji miti ya kuegemea, kamba na kupogolewa machipukizi ya pembeni.

Kwa mfanyabiashara anayetaka kujaza gari kwa siku moja, aina fupi ndiyo inayofaa. Kwa familia inayotaka nyanya za mboga kila siku, aina fupi ni usumbufu: zitaiva ndoo tatu kwa wiki moja, nyingine zitaoza, na mwezi unaofuata mama atarudi gengeni kununua fungu. Bustani ya nyumbani yenye miche 10 hadi 15 ya aina ndefu, iliyopandwa kwa mafungu mawili yanayopishana kwa wiki sita hivi, inaweza kuilisha nyumba kwa muda mrefu zaidi.

Nyanya ya nyumbani pia haihitaji ngozi ngumu. Moneymaker ina maji mengi na ngozi laini, inafaa kachumbari na mchuzi, lakini hupasuka upesi ikipakiwa. Roma ina nyama nene na maji kidogo, hivyo hutoa rojo zito. Mama lishe anayepika sufuria kubwa kila siku ana sababu ya kupendelea Roma.

Ngozi na safari

Kwa anayeuza, ngozi ya nyanya ni sehemu ya mtaji. Tunduma ni mji wa barabara kuu iendayo Zambia, na ng'ambo ya mpaka kuna Nakonde. Barabara hiyo hiyo hupita Ilula, mkoani Iringa, eneo linalojulikana kwa nyanya, zaidi ya kilomita 400 kutoka Tunduma. Mkulima wa Mbozi au Momba ana nafuu ya kuwa karibu na soko la mpakani. Nafuu hiyo hupotea ikiwa atapeleka nyanya laini ambayo inabonyea ndani ya tenga kabla ya kufika mjini, wakati ya mbali yenye ngozi ngumu inafika ikiwa nzima.

Soko la mpakani lina hatari yake pia. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kiliwekwa ili ukaguzi wa pande zote mbili ufanyike mahali pamoja na kupunguza muda wa kusubiri. Hata hivyo, Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kutokana na ugonjwa wa Corona. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, ikijibu vizuizi vya nchi hizo kwa mazao yake, kisha baadaye ikaondoa zuio hilo. Wilaya ya Ileje inapakana na Malawi, na uamuzi wa aina hiyo huigusa moja kwa moja.

Mahindi yanaweza kusubiri ghalani hadi mpaka ufunguliwe. Nyanya haisubiri. Ndiyo maana anayelenga kuvusha mzigo anapaswa kupanda aina yenye ngozi nene, kama Tanya, na kuvuna inapoanza kubadilika rangi badala ya kungoja iwive kabisa. Siku tatu au nne za ziada ndizo zinazompa nafasi ya kutafuta mnunuzi mwingine Mbeya au mjini Tunduma kwenyewe. Mfanyabiashara naye asisahau cheti cha usafi wa mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, kabla ya kuvuka.

Mkoa mmoja, hali ya hewa tofauti

Songwe, uliogawanywa kutoka Mbeya mwaka 2016, si mahali pamoja kwa nyanya. Tunduma na sehemu kubwa ya Mbozi ziko ukanda wa juu. Kamsamba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, iko chini na ina joto. Mbegu iliyomfaa ndugu wa Kamsamba inaweza kumwangusha ndugu wa Tunduma.

Ukanda wa juu, adui wa masika ni bakajani chelewa, ugonjwa ambao wakulima wengi huuita ubaka. Hupenda baridi na unyevu, na unaweza kumaliza shamba ndani ya siku chache. Juni na Julai, baridi ya usiku huchelewesha ukuaji na kuangusha maua. Ukanda wa chini, tatizo kubwa ni nzi weupe wanaosambaza virusi vinavyodumaza mmea na kukunja majani, maarufu kama rasta.

Pakiti nyingi hueleza mmea unahimili nini kwa herufi fupi. V na F ni aina mbili za mnyauko unaoletwa na ukungu, na ndizo herufi zilizo kwenye jina la Roma VF. N ni minyoo fundo. TY, au TYLCV, ni virusi vya rasta. Kwa mkulima wa bondeni, chotara kama Assila, iliyotengenezwa kuhimili virusi hivyo, inaweza kuwa na maana. Anna, kwa upande mwingine, ni chotara ndefu iliyokusudiwa zaidi kitalu nyumba. Kuinunua kwa bei kubwa na kuiacha kwenye mvua za Januari ni kupoteza fedha.

Yapo mambo ambayo mbegu pekee haitibu. Kantangaze, mdudu aliyeripotiwa nchini mwaka 2014, hushambulia karibu aina zote. Dawa yake ni mitego, kuchoma mabaki ya mavuno na kubadilisha viuatilifu. Mnyauko bakteria nao hauna dawa ya kupulizia. Ukikata shina la mche ulionyauka na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, ukaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, usirudishe nyanya hapo msimu ujao, wala viazi mviringo, pilipili au bilinganya. Panda mahindi.

Chotara inalipa lini?

Chukua hesabu ya mfano. Robo eka ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 50 huchukua miche kama 2,250. Tuseme chotara inaongeza gharama ya Sh150,000 ukijumlisha mbegu, miti na mbolea. Tenga likiuzwa Sh15,000, mkulima anahitaji matenga 10 ya ziada ili arudishe fedha hiyo. Bei ikishuka hadi Sh5,000, anahitaji matenga 30 ya ziada kutoka shamba lile lile.

Hapa ndipo mwezi wa kuiva unapoingia. Wengi hupanda mabondeni mvua zinapokwisha, kwa sababu magonjwa ni machache na maji yapo. Matokeo yake nyanya hufika sokoni kwa pamoja, bei huanguka na walanguzi huanza kudai tenga lijazwe hadi lifanye kilemba. Masika, wakati ubaka umewakimbiza wengi, nyanya huadimika. Kwa hiyo chotara ina nafasi nzuri ya kujilipa pale inapohimili ugonjwa wa msimu wa uhaba. Kuipanda ili ivunwe wakati wa wingi ni kununua hasara kwa bei ya juu. Asiye na mtaji wa kupulizia dawa mara kwa mara masika ni heri abaki na Tanya ya kiangazi, na kuipanda kwa awamu badala ya siku moja.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aangalie lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, tarehe ya mwisho ya matumizi, na ahifadhi pakiti pamoja na risiti. Bila hivyo, mbegu isipoota hana pa kuanzia malalamiko.

Anayepanda Tanya, Roma au Moneymaker nyumbani anaweza kujitunzia mbegu. Achague mmea wenye afya, akamue mbegu na kuziacha kwenye maji yake siku mbili au tatu hadi ute uachie, kisha azioshe na kuzikausha kivulini. Wa chotara asijaribu, maana kizazi cha pili hakifuati cha kwanza.

Mkulima ambaye hajawahi kupanda aina fulani ajaribu mistari miwili pembeni ya ile aliyoizoea, kwa mbolea ile ile na dawa ile ile. Msimu ukiisha atakuwa na jibu la shamba lake mwenyewe, tena kwa gharama ya mistari miwili tu.