Tusiuziwe Mbuzi Ndani ya Gunia

Wapo madalali wa hisa wanaowahimiza wananchi kuweka akiba zao katika makampuni ya kuchimba gesi asilia, eti gesi haina hasara. Twapinga! Tuitazame Chesapeake Energy ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1989. Mwaka 2008 kipimo cha gesi kiliuzwa zaidi ya dola 13. Aprili 2012 kipimo kile kile kilishuka chini ya dola 2, kwa kuwa wachimbaji wenyewe walifurisha soko. Bei ilianguka, madeni yakabaki. Mwaka huo huo ilifichuka kwamba mkuu wake, Aubrey McClendon, alikuwa amekopa hadi dola bilioni 1.1 kwa dhamana ya fungu lake katika visima vya kampuni, nayo halmashauri ya wakurugenzi haikuwa imeichunguza mikopo hiyo. Juni 2020 kampuni ilikimbilia mahakama ya ufilisi.

Sisi wanasheria twajua: hapo mdai hutangulia, mwenye hisa huja mwisho. Basi tuulize kabla ya kutoa hata senti: deni ni kiasi gani? Bei ikianguka, litalipwa kwa nini? Na mkuu anahojiwa na nani? Asiyejibu, asikabidhiwe jasho la mtu.