Drafti ya mpira sina neno nayo, neno langu ni kile kiingilio



Huku Mbagala nilikoolewa ndiko alikokulia Mbwana Samatta, yule aliyefungia Aston Villa goli Februari 2020, kwa hiyo mapenzi ya Ligi Kuu ya Uingereza usiyashangae. Ikifika Agosti, wanaume wanapanga vikosi vyao kwenye simu. Mchezaji wa kweli akifunga, nao wanapata pointi. Msimu wa 2024/25 sisi wanawake tukaanzisha ya kwetu. Mawifi na mashoga wanane, elfu kumi kila mmoja, mshindi achukue zote.

Tulicheza drafti. Si ile ya vizibo vya soda barazani! Hii mnachagua wachezaji kwa zamu, na aliyeshachukuliwa na mmoja, wengine hawampati tena. Zamu ikifika kwa wa mwisho inarudi kinyumenyume, mpaka kila mtu awe na wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3.

Nilijiandaa, sikatai. Daftari langu la matumizi ya jikoni lilijaa majina wiki nzima. Kipa nilimwacha mpaka mwishoni, maana makipa hawapishani sana pointi. Wafungaji wa kila wiki ndio wachache, na wapiga penalti nao nikawawekea alama. Aliyenitangulia alimchukua Haaland, nami nikamshika Mohamed Salah. Kwenye orodha Salah alihesabiwa kiungo, na goli la kiungo lina pointi 5 wakati la mshambuliaji ni 4. Msimu ule alifunga magoli 29. Nikashinda kwa mbali.

Wifi yangu mdogo, bi harusi wa miezi miwili, bando lilimkatikia katikati ya uchaguzi na programu ikamchagulia yenyewe. Akashika mkia. Baadaye ndipo nikajua kuwa elfu kumi yake aliitoa kwenye pesa ya matumizi aliyoachiwa na mumewe, na mumewe aliiulizia. Akaacha kupokea simu zangu.

Suratul Maida aya ya 90 tunaijua wote, kamari imetajwa pamoja na pombe. Inayofuata, ya 91, ndiyo iliyoninyima usingizi: inataja uadui na chuki, na kuzuiliwa na Sala. Uadui nilikuwa nao mkononi, shilingi elfu themanini taslimu.

Shoga yangu mmoja alinibishia kuwa mbona upatu tunacheza. Upatu, shoga, kila mtu zamu yake ikifika anapokea kiasi kilekile alichochanga. Huku saba wanapoteza ili mmoja apate, na udogo wa pesa haubadilishi jina lake. Na asiniambie mtu kuwa nilishinda kwa ujuzi. Ujuzi nilikuwa nao, ila kama Salah angeumia mguu Septemba, ningefanya nini na daftari langu?

Kwa hiyo wewe unayejiandaa na ndoa, mchumba akipenda mpira usimnunie. Muulize kama ligi yake ina mchango, na akisema ndiyo, mzungumze kabla ya nikaha, kwa upole, maana ukishaingia ndani utaambiwa umeyakuta. Muulize pia habari ya Magharibi. Mechi za Jumamosi saa 11 jioni, adhana inaingia kipindi cha pili, na hapo utajua mengi kuhusu mtu.

Pesa nilizirudisha, kila mtu elfu kumi yake. Ya wifi niliipeleka mwenyewe Tandika. Aliipokea bila kuniangalia usoni, tukanywa chai kimya. Mmoja wetu akapendekeza kuwa badala ya pesa, wa mwisho awapikie wenzake biriani. Nikamuuliza sheikh, akasema hilo nalo ni dau. Basi mama mkwe, ambaye hachezi wala hamjui Haaland, amejitolea doti moja ya kanga kwa mshindi, na sheikh hakuona tatizo kwa kuwa yeye si mchezaji.

Juzi wifi kanipigia. Baada ya salamu akaniuliza, kama mtu asiyetaka sana kujua, eti penalti za Arsenal anapiga nani. Nimemwambia atafute mwenyewe.