Kanbalu Isiwekewe Alama ya Uongo

Mjukuu wangu ndiye aliyenichokoza. Alikuwa akifanya zoezi la historia, akaniita nitazame kompyuta yake. "Babu, Kanbalu nimeipata," akasema. Katika kanzidata moja, yaani ghala la maarifa linalohifadhiwa katika kompyuta, jina hilo lilikuwa limeandikwa pamoja na latitudo na longitudo yake, na ramani ilionyesha alama nyekundu juu ya Ras Mkumbuu, kisiwani Pemba. Hapakuwa na neno "huenda". Hapakuwa na jina la mtu aliyesema hivyo, wala sababu aliyoitoa.

Nasema bila kumung'unya maneno: kazi ya namna hiyo si elimu.

Tutazame, ndugu msomaji, tunachokijua. Mas'udi, mwandishi mzaliwa wa Baghdad, alisafiri katika bahari ya Wazanji, na mara ya mwisho alitoka Kanbalu kwenda Oman mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917. Ametuambia kuwa Kanbalu ni kisiwa, kuwa wamo Waislamu wasemao lugha ya Kizanji, na kuwa kutoka Oman hadi huko ni kama farsakh 500. Papo hapo akatahadharisha kwamba hayo ni makisio ya mabaharia, si kipimo. Mtu aliyefika kwa miguu yake alikiri asichokijua. Sisi tusiofika tunaandika tarakimu nne baada ya nukta!

Yakut, aliyefariki mwaka 1229, anakitaja Kisiwa cha Kijani chenye miji miwili, ambayo wataalamu wengi wanaisoma kuwa Mtambwe na Mkumbuu. Huo wa pili kauandika kwa umbo la Mkanbalu. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya Pemba, nami naikubali kuwa ina nguvu. Lakini ni hoja tu, na imekuja miaka 300 baada ya Mas'udi. Katika muda huo jina la kisiwa laweza kubaki kwa mji mmoja, au la mji likaenea kisiwa kizima. Hata leo mtu akisema Zanzibar, hujui kama anakusudia visiwa vyote, au Unguja, au mji wenyewe, mpaka umuulize. Tena huko Tumbe, kaskazini mwa Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya makazi makubwa ya kati ya karne ya 7 na ya 10, zama zinazomkaribia Mas'udi mwenyewe. Na kabla ya hayo walikuwapo wataalamu waliodai kuwa Kanbalu ni Madagaska. Je, alama moja nyekundu yaweza kubeba yote haya?

Nina haki ya kukasirika, kwa kuwa nami nilikosa. Nilipokuwa nikifundisha historia chuoni, kabla sijapewa ukuu wa chuo, niliandika ubaoni: "Kanbalu ni Mkumbuu." Mwanachuo mmoja, mzaliwa wa Pemba, alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwetu kuna Mkumbuu na kuna Mtambwe. Tumejuaje kuwa ni huko na siyo kwingine?" Nilimwambia aandike kilichopo ubaoni. Katika mtihani hakuandika. Alieleza shaka yake kwa ukurasa mzima, nami nikampa sifuri. Alikuwa amefikiri kuliko mimi. Wenzake walikwenda kufundisha shule za mbali na jibu langu katika madaftari yao, na sijui limewafikia watoto wangapi.

Wapo watakaosema mwanafunzi ahitaji jibu moja, na kompyuta haijui shaka. Hayo ni maneno ya uvivu. Kompyuta hushika kile tunachoiwekea. Na tuiwekee basi: jina lilivyoandikwa katika Kiarabu, aliyeliandika na mwaka wake, mahali panapodhaniwa, na kwa hoja ipi, wanaopinga, na kwa hoja ipi. Mwishoni pawe na nafasi ya kuandika "haijathibitika", na asionekane mjinga anayeijaza. Na kabla ya kuamua, waulizwe wenyeji wa Mkumbuu, Mtambwe na Tumbe majina ya bandari zao, makonde yao na magofu yao. Jina la pwani yetu halifai kuamuliwa na mtu ambaye hajalisikia likitamkwa.

Jambo hili si dogo. Makosa ya mwalimu mmoja yalikuwa na mpaka wake. Ya kanzidata hunakiliwa usiku mmoja kutoka ghala hadi ghala, na kesho yake wingi wa nakala unahesabiwa kuwa ushahidi.

Mjukuu wangu nilimwambia aandike hivi: "Yaelekea Kanbalu ilikuwa Pemba, mji wenyewe haujathibitika." Akaniuliza kama mwalimu wake atampa alama. Nikamjibu kwamba asipompa, mimi nitakwenda kuzungumza naye, maana mwalimu huyo namfahamu vizuri: nilikuwa kama yeye.