Taiti za lazima? Sisi tunasema hapana



Tangu wiki iliyopita kuna pendekezo linazunguka hapa kwenye grupu: eti kila anayekimbia na sisi asubuhi anunue taiti nyeusi, ndefu, za aina moja, faranga 15,000, kabla ya Mbio za Amani. Sababu mbili zimetolewa. Ya kwanza, asubuhi kuna baridi na miguu inakakamaa. Ya pili, tuonekane kama timu. Sisi tunaoandika ni wale wa kikosi cha saa kumi na moja na nusu, wadada na wakaka, na tunasema wazi: hatukubali taiti ziwe lazima. Hatuna ugomvi na taiti zenyewe. Wengine kati yetu wanazivaa na wanazipenda. Tunachokataa ni hiyo lazima, na tunaomba mtusome mpaka mwisho kabla ya kupiga kura Jumamosi.

Tuanze na baridi yenyewe. Kigali iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri kipimo mara nyingi kinakuwa nyuzi 15 au 16. Kwa mtu aliyetoka Uvira au Bujumbura, kule chini kandokando ya Ziwa Tanganyika, hiyo ni baridi kweli kweli. Kwa aliyekulia kambi ya Gihembe, kule Byumba, kabla haijafungwa mwaka 2021, hiyo ni asubuhi ya kawaida na atakucheka. Ukishuka kwenye bonde kama Nyandungu au Nyabugogo utaisikia zaidi, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito: usiku inateremka kutoka vilimani na kulala kule chini pamoja na ukungu. Kwa hiyo hatusemi baridi ni uongo.

Lakini angalieni inatupata saa ngapi. Inatupata tukiwa tumesimama kando ya barabara, tunangojea wenzetu ambao kila siku wanaandika "niko njiani" wakiwa bado kitandani. Ukishakimbia dakika kumi, hasa ukianza kupanda, na Kigali hakuna njia isiyopanda, misuli ya mapaja inatoa joto kama jiko. Wakimbiaji wa nchi za baridi wana kanuni yao: vaa kama vile nje kuna nyuzi 10 zaidi ya kile kipimo kinachosema. Yaani kwenye asubuhi ya nyuzi 16, mwili unaokimbia unajisikia kama uko kwenye 26. Sasa nani anavaa nguo nzito kwenye 26? Halafu baridi inarudi tukimaliza. Tunasimama kupiga picha na kubishana nani alimshinda nani, jasho linapoa, suruali imelowa, upepo unapita, na mtu anarudi nyumbani anatetemeka.

Ndiyo maana tunasema baridi ya Kigali iko mwanzoni na mwishoni mwa mbio. Katikati haipo. Kitu kinachotusaidia ni nguo ya kujifunika kabla na nguo kavu ya kubadilisha baadaye. Taiti ya faranga 15,000 haifanyi kazi hiyo, maana ukimaliza kukimbia nayo pia imelowa.

Adui mkubwa wa miguu yetu ni maji. Kuanzia Machi mpaka Mei, na tena kuanzia Septemba mpaka Desemba, mvua inaweza kukukuta katikati ya njia. Maji yanaondoa joto la mwili haraka zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Nguo ya pamba inayanywa na kuyashika, inakuwa nzito, inaning'inia, inakwaruza mapaja mpaka yanachubuka. Wakati huo mguu ulio wazi uko nafuu kuliko mguu uliofungwa kwenye pamba iliyolowa, kwa sababu ngozi inakauka haraka. Tarehe 16 Aprili 2018, mbio za Boston kule Marekani zilikimbiwa kwenye mvua na upepo mkali, kipimo kikiwa karibu nyuzi 4. Mjapani Yuki Kawauchi alishinda kwa upande wa wanaume, na alikuwa amevaa kaptula. Hatusemi mtu aige. Tunasema tu kwamba hata kwenye baridi inayozidi yetu mara nyingi, suruali ndefu haikuwa sheria.

Na mfano wa upande mwingine upo pia. Sydney mwaka 2000, Cathy Freeman wa Australia alikimbia mita 400 amefunikwa mwili mzima, miguu, mikono mpaka kichwa, na akachukua medali ya dhahabu. London mwaka 2012, Sarah Attar wa Saudi Arabia alikimbia mita 800 na suruali ndefu na kitambaa kichwani. Alifika wa mwisho, na uwanja ukasimama kumpigia makofi. Mmoja amefunika na ameshinda, mwingine amefunika na amekuwa wa mwisho, na Mjapani hakufunika na ameshinda. Nguo ya miguu haiamui nani ni mkimbiaji.

Hapa tunafika kwenye jambo linalotuumiza zaidi. Tangu pendekezo hili litoke, wadada wawili wameacha kuja asubuhi. Hatutawataja. Mmoja, kanisa la nyumbani kwao haliruhusu msichana kutembea barabarani na nguo inayobana. Mwingine hana hizo faranga 15,000, na hataki kumuomba mama yake, kwa sababu mama anauza mboga na pesa hiyo ni mtaji wake wa siku kadhaa. Sisi wakimbizi wa mjini tunajua: hapa Kigali kila mtu anajitafutia. Hao wawili walikuwa wanakuja na sketi ya kitambaa chepesi na kaptula ya kubana ndani yake, na mmoja wao anatuacha wote kwenye kilima cha Kimihurura. Sasa tunataka kumwambia nini? Kwamba sketi yake haifai, wakati miguu iliyo ndani yake inatushinda?

Wamama wengine nao wana hoja, na tusiwacheke. Wanasema baridi inaingia magotini, utazeeka na maumivu. Tunawaheshimu wazazi wetu. Jibu letu kwao ni kwamba goti linahitaji kupashwa moto polepole: tembea dakika tano, kimbia taratibu dakika kumi, ndipo uongeze mwendo. Anayetaka kufunika magoti afunike, hiyo ni haki yake. Lakini aliyevaa taiti nzuri kisha akaanza kwa kasi misuli ikiwa bado baridi, hajajikinga na kitu.

Kuna jambo jingine ambalo waliopendekeza hawakuliona: rangi. Saa kumi na moja na nusu Kigali bado ni giza. Moto zinapita kasi, malori yanashuka. Kundi la watu ishirini wenye miguu myeusi, kwenye lami nyeusi, kabla jua halijachomoza! Dereva ataona nini? Mkanda unaong'aa kwenye kifundo cha mguu unafanya kazi zaidi ya taiti yoyote, kwa sababu mguu unaosogea ukipigwa na taa dereva anajua mara moja kwamba huyo ni mtu.

Tunajua pia kwa nini wenzetu wanataka kuonekana kama timu, na hatulidharau jambo hilo. Tukipita Jumapili ya Car Free Day, watu wanatuangalia. Wengine wakisikia tunaongea Kiswahili cha kwetu, wanajua tumetoka wapi. Kijana mkimbizi anataka aonekane nadhifu, asionekane kama mtu wa kuhurumiwa. Na sisi tunataka hivyo hivyo. Lakini timu inatambulika kwa juu. Tisheti moja ya rangi moja inatosha, na karibu wote tunayo ile ya mwaka jana. Mwaka 2016, kule Rio, timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki ilikuwa na watu 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliofanya mazoezi Ngong, Kenya, chini ya Tegla Loroupe. Dunia nzima iliwaangalia kwa sababu walifika pale na wakakimbia. Heshima ya kundi letu nayo itatoka kwenye idadi ya watu tutakaoanza nao na kumaliza nao.

Basi mtu achague vipi? Sisi tunaona jibu liko sokoni, na hata jina lake linatuelekeza. Nguo za mitumba hapa Rwanda zinaitwa caguwa, na neno hilo limetoka kwenye Kiswahili chetu: chagua. Ni kweli bei si kama ya zamani. Mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 mpaka dola 2.50 kwa kilo, ili kulinda viwanda vya ndani. Lakini ukitafuta kwa subira bado unapata suruali ya kukimbilia kwa bei iliyo chini sana ya hizo taiti mpya. Ukifika, fanya hivi:

Kwanza, soma karatasi ndogo iliyoshonwa ndani. Ikisema ni pamba tupu, iache ya kuendea sokoni. Tafuta poliesta, au poliesta iliyochanganywa na uzi unaovutika. Haishiki maji sana na inakauka haraka.

Pili, pitisha kidole kwenye mshono wa ndani ya mapaja. Mshono mnene utakuchubua kabla ya kilomita tano. Mshono bapa ndio mzuri. Na hata ukipata mzuri, paka vaselini kidogo.

Tatu, chuchumaa nayo mpaka chini. Ikishuka kiunoni, mpira umekufa. Ikiwa ni taiti, mwambie mwenzako aangalie kama kitambaa kinaonyesha ndani. Wadada wanajua tunachosema.

Nne, epuka treningi zile pana zinazopepea. Zikilowa zinakuvuta chini na zinachota matope. Suruali za mazoezi ya mpira, zile nyembamba chini zenye zipu kwenye kifundo, ndizo tunazozipenda wengi wetu: hazibani kama taiti, hazipepei, na unaweza kuzivua bila kuvua viatu.

Anayetaka kuvaa taiti na sketi au kaptula juu yake, avae. Anayetaka kaptula peke yake, avae. Anayetaka kujifunga kitenge mpaka tuanze kukimbia, huyo ndiye mwenye akili kuliko sisi wote.

Neno kidogo kwa wenzetu waliohamishiwa Canada na Marekani, ambao bado wanatusoma hapa. Haya tunayosema ni ya Kigali. Kwenu huko ni hesabu nyingine. Kipimo kikishuka chini ya nyuzi 5, wakimbiaji wengi wanavaa taiti ndefu, na chini ya sifuri wanaongeza suruali nyepesi ya kuzuia upepo juu yake. Huko mguu wazi si ushujaa. Lakini kanuni ni ile ile: pamba hapana, na ukimaliza usisimame na nguo iliyolowa.

Sasa ombi letu kwa kikao cha Jumamosi. Hatutaki kukataa tu bila kuleta kitu mezani.

Tunaomba taiti ziwe hiari, na isiwepo sheria yoyote ya nguo ya miguu, isipokuwa iwe ya heshima na isimzuie mtu kukimbia. Tunaomba tisheti ya mwaka jana iwe sare yetu ya Mbio za Amani. Na tunaomba kila anayeweza atoe faranga 1,000 tu, asiyeweza asiulizwe. Pesa hiyo inunue mikanda inayong'aa ya kifundoni kwa wote, na suruali chache za caguwa za ukubwa tofauti, ziwekwe kwenye mfuko wa kundi. Anayekuja mara ya kwanza na jinzi, kama wengi walivyokuja, achague moja humo, akimaliza aifue na kuirudisha. Mfuko huo huo ubebe nguo kavu na vitenge vyetu, na kila asubuhi mmoja wetu asiyekimbia siku hiyo, mwenye mguu unaouma au mwenye uvivu, aulinde mpaka turudi.

Hao wadada wawili tutawaendea sisi wenyewe kabla ya Jumamosi. Tunataka tuwapelekee habari njema, lakini hiyo inategemea kura zenu.

Asiyekubaliana nasi aandike hapa chini bila matusi, tutamjibu. Na Jumamosi msichelewe kama mnavyochelewa asubuhi.