Begi Lisikae Mlangoni

Nilipokwenda Pangani kwa mkataba wa miezi tisa, begi langu kubwa lilikaa nyuma ya mlango majuma sita bila kufunguliwa lote. Nilikuwa nachomoa shati moja moja. Kila Ijumaa jioni nilipanda basi la Tanga, Jumatatu alfajiri nikarudi nasinzia. Mji niliujua kama dereva wa lori anavyoijua njia: kituo, mgahawa, kitanda.

Aliyenizindua ni mama muuza vitumbua, jirani yangu. Nilimwuliza mbona dagaa wameadimika sokoni. Akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, mwezi mpevu huu, hizo taa za wavuvi zitamvuta nani?" Nikaona haya. Mwezi na nusu ndani ya mji wa wavuvi, nami sijainua macho kutazama juu!

Ndiyo maana nawaandikia wenzangu tunaopangiwa miji midogo kwa muda: mwalimu mpya, nesi, fundi wa barabara, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Fungueni mabegi. Tunajidanganya kwamba miezi tisa si kitu, kumbe ni mvua za vuli na za masika, ni Ramadhani na Idi yake, ni mtoto wa jirani kuanza kutembea.

Anza kwa mjumbe wa mtaa. Jitambulishe kabla hajaanza kuulizia habari zako. Ukishikwa na homa usiku, yeye ndiye atakayejua nani ana pikipiki. Kisha tembea, mikono mitupu. Simu iache mfukoni, maana watu si mandhari, na vibaraza vya mji wa kale ni sebule za wenyewe. Piga hodi, salimia, subiri uitikiwe. Ukikaribishwa kukaa, kaa.

Mimi nilianzia ukingo wa mto. Pangani iko kaskazini ya mlango wa mto, Bweni ng'ambo ya kusini, na katikati pantoni ikienda ikirudi na baiskeli, mbuzi na magunia. Nilivuka bila shughuli yoyote, nikakaa Bweni chini ya mnazi, nikarudi. Safari ya tatu watu wakaanza kunieleza mambo ambayo nisingeyauliza. Kwamba katika mji huu ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri aliyepigana nao, Desemba 1889. Kwamba upande wa kusini, Kikogwe, ndiko Richard Hindorf alikoanzishia mkonge mwaka 1893, miche iliyopona safari ikiwa 62 tu. Basi katani yote niliyokuwa nikiipita dirishani kila Ijumaa, nimelala, ilianza na wageni 62 waliokubali udongo.

Na Shaaban Robert! Tulimsoma shuleni kana kwamba alizaliwa ndani ya kitabu, kumbe alikuwa mtumishi wa serikali kama sisi, aliyefanya kazi ya forodha Pangani kisha akahamishiwa Mpwapwa, mbali na bahari. Naye aliijua barua ya uhamisho.

Lakini majengo na historia vinaweza kukufanya mtalii tu. Kinachokuingiza mjini ni shughuli za watu, hasa misiba. Alipofariki mzee wa nyumba ya tatu, nusura nijifanye nina kazi ofisini. Nikaenda. Makaburini nilisimama pembeni nisijue mahali pa kuweka mikono, mpaka kijana mmoja akanipokeza jembe bila neno. Nikafukia kwa zamu kama wengine. Kesho yake muuza duka, ambaye siku zote alinisubiri nitoe pesa kwanza, alinipimia unga na kuandika jina langu daftarini. Sijawahi kufurahia deni namna ile.

Wenyeji nanyi mna lenu. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini sisi waajiriwa mnatuachia kiti mwaka mzima. Mnatuita "afisa", mnatupunguzia kazi, halafu mnalalamika kwamba tunajitenga. Tuiteni kuchota maji ya shughuli, kubeba viti, kusomesha watoto hesabu jioni. Tukikataa, hapo mtusute.

Mama wa vitumbua alikuwa akiniletea futari katika bakuli la bluu, na kwa desturi bakuli la jirani halirudishwi tupu. Nililirudisha na ndizi, likaja na tambi. Nikalirudisha na sukari, likaja na uji wa pilipili manga. Siku ya kuondoka, katika haraka ya kufunga begi, nilisahau kulirudisha, likasafiri pamoja na vyombo vyangu. Ninalo mpaka leo. Ukipangiwa Pangani kabla sijarudi, mwambie naja nalo mwenyewe Ramadhani ijayo, na limejaa tende.